Mwenzako Akishikwa na Taabu ya Akili, Utamwita Nani?

Ndugu wafanya kazi,

Mwezi huu hatuandiki juu ya mishahara, wala nyumba, wala saa za ziada. Mambo hayo yapo, na tutayarudia. Leo twataka kuwauliza swali moja tu, na twaomba kila mmoja wenu alijibu moyoni mwake kabla ya kuendelea kusoma. Usiku wa leo, saa nane, mwenzako wa chumba cha pili akianza kupiga kelele kwamba watu wamekuja kumwua, au akikuambia kwa sauti ya chini kwamba amechoka kuishi, utamwita nani? Jina lake nani, na namba yake ya simu iko wapi?

Sisi tumewauliza watu wengi kazini swali hili. Karibu wote walinyamaza kwanza. Halafu mmoja akasema polisi, mwingine akasema mchungaji, mwingine akasema ndugu zake wa nyumbani, na mmoja akasema, "Mimi ningefunga mlango wangu." Twamshukuru huyo wa mwisho, maana alisema kweli.

Jambo hili ni la aibu kwetu watu wa reli. Katika kazi yetu hakuna mtu anayengoja ajali ndipo atafute wa kumwita. Gadi amefundishwa kwamba gari likikwama kati ya stesheni mbili, achukue bendera nyekundu na fataki za kuweka juu ya reli, arudi nyuma kulinda gari lake, wala asikae akishangaa. Dereva ajua namna ya kumpata mtu wa kontroli. Behewa likianguka, twajua winchi ya kuliinua iko wapi na nani wa kuiagiza. Mambo hayo twayajua hata tukiamshwa usingizini. Lakini mtu, aliye bora kuliko behewa, akianguka, sisi twakimbia huku na huku kama kuku.

YALIYOTUPATA

Twaeleza jambo tuliloliona sisi wenyewe miaka michache iliyopita. Hatutaji jina la ndugu huyu, wala mahali, maana yu hai na yuko kazini. Yeye mwenyewe ameturuhusu tuandike, akasema, "Andikeni, ili asifungwe mwingine."

Alikuwa dereva. Asubuhi moja mtu alivuka njia karibu mno, na gari lenye mzigo mzito halisimami kama baiskeli. Dereva alipiga honi, akafunga breki, akaona yote yaliyotokea. Sisi wenzake tulimwambia, "Pole bwana, ndiyo kazi." Tukamnunulia chai. Baada ya siku hiyo hatukumwuliza tena.

Miezi ikapita. Akaacha kulala. Akaanza kunywa pombe, naye zamani hakuwa mnywaji. Bibi yake alikuja kwetu mara tatu. Mara ya kwanza alisema mume wake huamka usiku akivuta breki isiyokuwapo. Tulicheka kidogo. Mara ya pili alisema hali chakula. Tulisema ni pombe. Mara ya tatu alisema ameanza kugawa vitu vyake, redio amempa jirani, na viatu vya kazi amempa kijana wa karakana. Tulisema, "Huyo amekuwa mkarimu."

Ndipo usiku ule ukaja. Alijifungia ndani akasema anataka kufa. Watu zaidi ya ishirini walikusanyika mlangoni. Kila mtu alikuwa na simu mkononi, na wengine walikuwa wakipiga picha, wala hapana hata mmoja aliyekuwa na namba ya kumfaa. Mmoja alimpigia kaka yake aliye safari ya siku nzima. Mwingine alimwita mwombezi, naye akakemea pepo kwa muda wa saa moja. Mwishowe tulivunja mlango, tukamfunga kwa kamba, sisi hawa hawa rafiki zake, tukaita polisi. Alilala kituoni juu ya sakafu pamoja na watu walioshikwa kwa wizi. Asubuhi aliambiwa kwamba atashtakiwa kwa kosa la kutaka kujiua.

Aliyemtoa ni mwuguzi mmoja wa zahanati, jirani yao. Alipopata habari alikuja mbio akauliza, "Kwa nini mgonjwa yuko hapa, na hospitali ya serikali ni mwendo wa dakika kumi na tano?"

Dakika kumi na tano, ndugu zetu! Sisi tulihangaika usiku kucha, na mlango uliotakiwa ulikuwa karibu, nao ulikuwa wazi. Hapana aliyekuwa na nia mbaya. Tulikuwa wajinga tu, na ujinga wetu ulimwumiza mtu tuliyempenda. Alitibiwa, akapumzika, akarudi kazini baada ya miezi kadhaa. Alama za kamba alikuwa nazo mikononi kwa muda mrefu, na kila tulipompa mkono tuliziona.

KWA NINI TWAOGOPA

Hofu yetu ina asili yake, na yafaa tuijue. Reli ilifika ziwani Kisumu mwaka 1901. Mwaka 1910 serikali ya kikoloni ilifungua huko Nairobi nyumba ya watu wenye maradhi ya akili, mahali ambapo kwanza palikuwa pa kuwatenga wagonjwa wa ndui. Mwaka 1924 ikapewa jina la Mathari. Siku zile watu walipelekwa huko kufungiwa zaidi kuliko kutibiwa, na jina lenyewe likawa tusi. Hata leo watu hutaniana, "Wewe wafaa kupelekwa Mathari." Mtu aliyelelewa na maneno hayo atasemaje kwamba anaumwa?

Tena kulikuwa na hofu ya sheria. Kwa miaka mingi kifungu cha 226 cha Sheria ya Adhabu kilisema kwamba mtu akijaribu kujiua amefanya kosa, na aweza kufungwa mpaka miaka 2. Kwa hiyo jamaa walificha. Walimpeleka mgonjwa hospitali wakasema ameanguka, au hawakumpeleka kabisa. Lakini tarehe 9 Januari 2025 Mahakama Kuu ya Nairobi iliamua kwamba kifungu hicho ni kinyume cha Katiba. Twawaomba mlitangaze jambo hili kila mahali, maana hofu ya kale haiondoki kwa sababu hukumu imeandikwa katika karatasi. Mtu anayetaka kujiua ni mgonjwa anayetaka msaada, na hata wakubwa wa nchi wamekwisha kuona uzito wa maradhi haya. Mwaka 2020 tume iliyowekwa na serikali ilitoa ripoti yake, ikashauri kwamba maradhi ya akili yatangazwe kuwa jambo la hatari kwa taifa zima.

Hofu ya tatu ni ya kazi. Mtu husema moyoni, "Nikijulikana nina taabu ya akili, nitafutwa." Hiyo tutaijibu hapo chini.

NANI WA KUMWITA

Basi tupange mambo kama tunavyopanga kazi yetu, kila mtu na mahali pake.

Kwanza, mtu mmoja ambaye mgonjwa anamwamini. Huyu aweza kuwa bibi yake, mama yake, mwenzake wa zamu, au mzee wa kanisa au wa msikiti. Kazi yake ni kukaa naye. Umati wa watu haumsaidii mgonjwa, humtia hofu. Wengine wote waondoke mlangoni, na wa kwanza kuondoka ni mwenye kupiga picha.

Pili, hospitali. Hospitali ya serikali iliyo karibu, inayofungua usiku, ndiyo pa kwenda kwanza. Si lazima iwe ya akili. Katiba yetu ya mwaka 2010, kifungu cha 43, yasema kwamba mtu asinyimwe matibabu ya dharura. Daktari wa hapo ndiye atakayeamua kama mgonjwa apelekwe mbele, Mathari kwa watu wa Nairobi, Port Reitz kwa watu wa Mombasa, au hospitali kubwa ya Moi huko Eldoret. Tena kuna sababu nyingine ya kupita hospitali kwanza. Mtu akibadilika ghafula akasema maneno yasiyoeleweka, huenda ni malaria iliyopanda kichwani, au sukari iliyoshuka, au alianguka akaumia kichwa. Na mtu aliyekunywa pombe nyingi kila siku kwa miaka, akiacha ghafula, aweza kutetemeka na kuona vitu visivyokuwapo, na hata kufa. Hayo yote yana dawa, lakini mtu aliyefungwa kwa kamba hapewi dawa.

Tatu, simu. Msalaba Mwekundu wa Kenya wana namba 1199, nayo ni bure. Befrienders Kenya, ambao kazi yao ni kuwasikiliza watu waliokata tamaa, wana namba 0722 178 177. Mtoto akiwa katika taabu, namba ni 116. Kama taabu ni ya ulevi au madawa ya kulevya, namba ni 1192. Hata wewe unayemwangalia mgonjwa waweza kupiga ukaambiwa la kufanya. Lakini msiitegemee karatasi hii tu. Namba hubadilika. Piga leo mchana, uulize saa zao za kazi, uandike.

Nne, gari. Andika namba ya mtu mwenye teksi au probox ambaye hakatai kutoka usiku. Wengi wamechelewa kwa kukosa gari, wala si kwa kukosa daktari.

Tano, polisi, kwa namba 999 au 112. Hatusemi wasiitwe kamwe. Kama mgonjwa ameshika panga, au kuna mtu atakayedhurika mara moja, waite. Lakini wakifika uwaambie wazi, "Huyu ni mgonjwa. Twataka mtusaidie kumfikisha hospitali." Tangu sheria ya maradhi ya akili ya mwaka 1989, polisi akimshika mtu kwa ajili ya ugonjwa huo yampasa amfikishe kwa matibabu. Asiachwe kituoni kama mwizi.

Na mchungaji, shehe, na mwombezi? Hatuwakatazi. Waje, waombe, tena wapande gari pamoja na mgonjwa waende naye hospitali. Mungu asikiaye maombi mlangoni pa nyumba ayasikia pia mlangoni pa hospitali.

WAKATI MNANGOJA

Sema naye polepole. Kaa chini kama amekaa. Usibishane naye juu ya sauti anazosikia, wala usimwambie kwamba unazisikia nawe. Mwambie, "Naona una hofu, nami niko hapa." Ondoa karibu naye vitu vya hatari, yaani visu, dawa za wadudu, na vidonge vyote. Usimwache peke yake hata kama ameanza kutulia. Kama amekunywa kitu cha sumu, usijaribu kumtapisha. Mkimbize hospitali na chupa yenyewe muichukue.

Tena, muulize wazi, "Je, unafikiri kujiua?" Wengi huogopa kuuliza, wakidhani watampa mtu wazo hilo. Madaktari wasema sivyo. Mtu mwenye wazo hilo alikuwa nalo kabla hujauliza, naye hupata nafuu akipata wa kumwambia. Mwenzako akikuambia siri hiyo, usimwahidi kwamba hutamwambia mtu yeyote. Mwambie kwamba mtatafuta msaada pamoja.

Msingoje mpaka mlango ufungwe. Kutolala siku nyingi, kuacha kula, kugawa vitu, kuaga watu bila safari, kusema "mimi ni mzigo kwenu": hizo zote ni taa nyekundu. Sisi tuliziona zote, tukazipita. Dereva apitaye taa nyekundu huulizwa. Sisi hatukuulizwa na mtu, lakini dhamiri imetuuliza.

JUU YA KAZI

Sasa twajibu ile hofu ya tatu. Sheria ya Kazi ya mwaka 2007, kifungu cha 5, yakataza mwajiri kumbagua mfanya kazi kwa sababu ya hali ya akili yake. Maneno hayo yamo, wala si maneno ya chama. Kifungu cha 30 chasema kwamba mtu aliyefanya kazi miezi 2 mfululizo ana haki ya likizo ya ugonjwa, kwa uchache siku 7 kwa mshahara kamili na siku 7 nyingine kwa nusu ya mshahara katika kila mwaka, akiwa na cheti cha daktari. Ugonjwa wa akili ni ugonjwa. Kama mapatano ya kazi yenu yatoa zaidi, haki yenu ni hiyo zaidi.

Lakini angalieni sana neno lile, cheti. Mtu akitoweka kazini bila habari, sheria hiyo hiyo yampa mwajiri nafasi ya kumfukuza mara moja. Mgonjwa wa akili mara nyingi hawezi kwenda mwenyewe kuomba ruhusa. Kwa hiyo katika orodha ya wa kuitwa yupo mtu wa sita, naye ni mjumbe wa chama kazini. Mwite asubuhi yake. Kazi yake ni kuchukua cheti kutoka hospitali, kukifikisha kwa mkubwa wa kazi, na kutunza siri. Aseme tu kwamba ndugu fulani ni mgonjwa na yuko chini ya daktari. Hana haja ya kusema ugonjwa gani mbele ya karani na mfagiaji. Na kama mtu ataitwa kujibu mashtaka ya utovu wa nidhamu au kazi mbaya, kifungu cha 41 champa haki ya kuwa na mjumbe wa chama, au mfanya kazi mwenzake, wakati wa kusikilizwa. Asiende peke yake.

TWAWAOMBA NINI

Twaomba kila tawi lifanye mambo matatu kabla ya mwisho wa mwezi huu.

La kwanza, kila karakana, kila stesheni, na kila kambi ya watu wa njia ichague watu wawili, mwanamume na mwanamke ikiwezekana, wasio walevi na wasio wasengenyaji, ambao wenzao waweza kuwaamsha usiku. Hao wawili waende hospitali ya karibu mchana, waulize mlango wa dharura uko wapi, na nani hushughulika na wagonjwa wa akili, na siku zipi. Wakirudi wawaeleze wengine.

La pili, namba zile ziandikwe kwa herufi kubwa, zibandikwe mahali ambapo watu hutazama kila siku, karibu na orodha ya zamu. Kila mtu aziandike pia katika simu yake, na bibi yake nyumbani azijue. Wanaume wengi huanguka nyumbani, wala si kazini, na mama wa nyumba huachwa peke yake na mzigo huo. Akija kwenu kusema, msikilizeni mara ya kwanza.

La tatu ni la kupeleka mezani kwa wakubwa. Dereva au gadi ambaye gari lake limegonga mtu asipewe gari tena mpaka aonane na mganga anayejua mambo haya, na siku zake za kupumzika zisikatwe mshahara. Injini ikigonga kitu hukaguliwa kabla ya kurudi njiani. Hatuombi makubwa tukiomba mtu aangaliwe kama injini. Kamati yenu italiandika jambo hili katika madai ya mapatano yajayo, na twataka kila tawi lituletee habari ya mambo kama hayo yaliyotokea kwao, bila majina.

Wazee walisema kwamba mficha maradhi, kifo humwumbua. Nasi twasema kwamba wenzake wanaomsaidia kuyaficha huumbuka pamoja naye. Hatuwezi kujiita chama ikiwa twajua kusimama pamoja mbele ya mwajiri, lakini hatujui kukaa pamoja na ndugu mmoja kwa usiku mmoja.

Basi, kabla hujaikunja karatasi hii, chukua kalamu. Andika nyuma yake majina sita: unayemwamini, hospitali, simu ya msaada, mwenye gari, polisi, na mjumbe wako. Palipo na jina usilolijua, acha nafasi, na kesho uulize. Halafu mpe karatasi mwenzako asiye na yake.

Umoja ni nguvu.

Wenu katika kazi,
Mhariri, kwa niaba ya Kamati ya Tawi